Kabla ya Kuingia Uwanjani: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Mwendo wa Kasi

Sura hii imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye gari lenye nguvu nyingi, analolitumia kila siku kwenda kazini na kurudi nyumbani, ambaye sasa anakusudia kuliingiza katika uwanja wa mbio kwa siku moja ili aujue uwezo wake mahali palipotengwa kwa shughuli hiyo. Hatusemi na dereva wa mashindano, kwani yeye ana mafundi wake na kanuni zake. Tunasema na mwenye gari wa kawaida anayelipa ada ya kiingilio, anayenunua vipuri kwa fedha zake mwenyewe, na ambaye jioni ya siku hiyo atahitaji gari lilelile limrudishe nyumbani.

Nchini Kenya gari linalotajwa zaidi katika habari hizi ni Subaru Impreza yenye turbo. Colin McRae alishinda Safari Rally akiiendesha mwaka 1997, na Richard Burns akashinda nayo mwaka 2000; tangu hapo sauti ya injini yake imekuwa na wapenzi wengi. Kwa sababu hiyo tumelichukua gari hilo kuwa mfano wetu. Hata hivyo, mengi tunayoyaeleza yanamhusu pia mwenye Mitsubishi Evolution, Volkswagen Golf ya aina ya GTI au gari jingine lolote la jamii hiyo, awe anakwenda katika uwanja wa Whistling Morans ulioko Athi River au kwingineko.

Neno letu kuu ni moja: siku ya uwanjani ni siku ya joto. Kinacholishinda gari zima uwanjani, mara nyingi, ni kushindwa kulivumilia joto na kulitoa, wala si upungufu wa nguvu. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye vitu vinavyosimamisha gari na vinavyolipoza, kabla ya shilingi yoyote kwenda kwenye vitu vinavyoliongezea kasi.

Tofauti ya barabara na uwanja

Wenye magari wengi husema, "Gari langu halina tatizo lolote, juzi tu limetoka Mombasa." Kauli hiyo huenda ikawa ya kweli, lakini safari ndefu ya barabarani haithibitishi kwamba gari liko tayari kwa uwanja. Barabarani breki hukanyagwa kwa wastani, kisha hupata muda mrefu wa kupoa. Uwanjani hukanyagwa kwa nguvu zote, na kabla hazijapoa kona nyingine imefika.

Tuchukue gari la kilo 1,500. Linapopunguza mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60, breki zake hugeuza mwendo huo kuwa joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Joto hilo ni takriban mara 6 ya lile linalotokea gari hilohilo linapotoka mwendo wa kilomita 60 na kusimama kwenye taa za barabarani. Sababu yake ni kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya gari huongezeka mara 4. Dereva wa uwanjani hurudia tendo hilo mara kadhaa katika kila mzunguko, kwa dakika 15 au 20 mfululizo. Kifaa kilichofanya kazi yake barabarani kwa miaka mitano bila lawama kinaweza kuonyesha udhaifu wake ndani ya mizunguko mitatu.

Kuna jambo la pili. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari lililokwishatumika kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka 8. Lakini umri huo ni wa siku ya kuingia bandarini. Gari lililofika Mombasa likiwa na miaka 7, likatumika hapa miaka mingine 10, leo lina miaka 17, na mipira yake yote ina umri huo isipokuwa ile iliyokwishabadilishwa. Mwenye gari asiyejua historia ya gari lake na achukulie kwamba hakuna kilichobadilishwa, kisha aanze ukaguzi kutoka hapo.

Breki: mahali pa kuanzia

Kitu cha kwanza tunachokiomba kibadilishwe ni mafuta ya breki. Bei yake ni ndogo, kazi yake ni kubwa, na ndiyo yanayosahauliwa kuliko vyote. Mafuta ya kawaida ya breki yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishavuta unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. DOT 3 huanza na nyuzi 205 na kushuka hadi 140. Yale ya DOT 5.1 huanza na 260 na kushuka hadi 180. Yapo pia mafuta maalumu ya mbio ambayo yakiwa mapya hayachemki mpaka yapite nyuzi 300.

Maana ya tarakimu hizo ni hii: mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga breki, kanyagio likazama hadi sakafuni, na gari lisipunguze mwendo. Wala hakuna taa ya onyo inayowaka kabla ya hapo. Gari lililokuwa na breki nzuri kwenye kona iliyopita linaweza kukosa breki kwenye kona inayofuata.

Badilisha mafuta hayo yote katika wiki zilizo karibu na siku ya uwanjani, na mfumo utolewe hewa katika magurudumu yote manne. Chupa ifunguliwe mbele yako. Chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita na kuachwa kwenye rafu ya gereji imeshavuta unyevu, hata kama fundi anasema kwa nia njema kabisa kwamba bado ni nzima. Tahadhari pia na DOT 5: licha ya jina kufanana na DOT 5.1, hayo ni mafuta ya silikoni na hayachanganywi na mengine.

Pedi za breki zinafuata. Zikiwa zimebaki chini ya nusu ya unene wake, zibadilishwe. Pedi nyembamba hupitisha joto haraka hadi kwenye mafuta. Uliza kama pedi unazouziwa ni za matumizi ya barabarani tu au zimetengenezwa kwa joto la juu zaidi. Zile za mbio halisi hazikufai kwa gari la kila siku, maana zikiwa baridi hazishiki vizuri, na asubuhi ya baridi njiani ndiyo wakati unaozihitaji zishike. Ipo aina ya kati inayofaa kwa yote mawili. Pedi mpya zizoeshwe kabla ya siku yenyewe: mahali pasipo na msongamano, punguza mwendo mara kadhaa kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 20 bila kusimama kabisa, kisha endesha kwa muda bila kugusa breki ili zipoe.

Diski zipimwe unene. Kiwango cha chini kinachoruhusiwa huwa kimechongwa kwenye diski yenyewe, na fundi mwenye kipimo atakisoma mbele yako. Diski yenye ufa unaofika ukingoni haifai uwanjani wala barabarani.

Ni vyema dereva ajue kutofautisha dalili mbili. Kanyagio likiwa gumu lakini gari halishiki, pedi ndizo zilizozidiwa na joto. Kanyagio likizama au likiwa laini, mafuta ndiyo yaliyochemka. Katika hali zote mbili, toka uwanjani taratibu ukitumia gia kupunguza mwendo. Usijidanganye kwamba kanyagio likirejea baada ya kupoa basi tatizo limekwisha. Unyevu uliosababisha mchemko ungali ndani, na safari ya kurudi nyumbani ingali mbele yako.

Matairi

Gari zima limeshikiliwa na vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia upana wa kiganja. Kabla ya kuuliza jina la tairi, soma maandishi yaliyo ubavuni mwake. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Herufi inayofuata tarakimu ya uzito ni ya mwendo wa juu unaoruhusiwa: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270 na Y ni 300. Tairi lisilofikia kiwango alichotaja mtengenezaji wa gari lako lisitumike, hata kama rimu inalikubali.

Matairi ya mtumba hatuyapendekezi kabisa kwa kazi hii. Kashata zake huonekana nzuri kwa macho, ila mnunuzi hawezi kujua kama tairi liliwahi kuendeshwa bila upepo au kugonga ukingo wa barabara kwa nguvu, na madhara hayo hujificha ndani. Tairi lenye uvimbe, mpasuko ubavuni au kiraka cha pembeni libaki nyumbani. Kashata ziwe na kina cha angalau milimita 3 mwanzoni mwa siku, kwa kuwa gari lenye uzito mbele hula kingo za nje za matairi ya mbele kwa kasi kubwa.

Upepo hupanda tairi linapopata joto. Si ajabu tairi lililotoka nyumbani na kipimo sahihi kuongezeka paundi 6 hadi 10 baada ya mizunguko michache. Likishapita kiasi huvimba katikati na kuanza kuteleza. Chukua geji yako mwenyewe, pima mara tu unapotoka uwanjani tairi likiwa moto, na punguza kidogo kidogo. Kabla ya kuondoka kwenda nyumbani, matairi yakishapoa, rejesha kipimo cha barabarani. Hatua hii ya mwisho husahauliwa mara nyingi, na tairi lenye upepo mdogo kwenye barabara kuu ni hatari.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana inayopima mkazo, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kisha zihakikiwe tena baada ya zamu ya kwanza. Fundi anayekaza kwa kusimama juu ya spana anaweza kuziharibu kama yule anayeziacha zimelegea.

Injini na upoaji wake

Pima mafuta ya injini gari likiwa limesimama mahali tambarare. Yawe karibu na alama ya juu, yasiipite. Injini ya Impreza ni ya aina ya boksa: silinda zake zimelala ubavu, mbili huku na mbili kule. Katika kona ndefu mafuta husukumwa upande mmoja, na yakiwa machache pampu hunyonya hewa. Sekunde chache za namna hiyo zinatosha kuharibu beringi za injini. Tumia unene wa mafuta alioutaja mtengenezaji, badilisha mafuta na filta kabla ya siku, beba lita moja ya akiba, na pima tena baada ya kila zamu, maana injini ya turbo inayofanya kazi ngumu hula mafuta.

Kwa maji ya rejeta kuna jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za juu. Nairobi na viunga vyake viko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 hadi 1,800, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Kinachozuia mchemko ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta, kinachobana mfumo ili maji yaendelee kuwa maji hata yakizidi nyuzi 110. Kifuniko kilichochoka, ambacho bei yake ni ndogo mno, kinaweza kuiua injini ya bei kubwa. Kibadilishe. Kagua mipira yote ya maji. Uliovimba, uliopasuka au uliolainika kupita kiasi usiachwe. Feni ziwake kwa wakati wake, na mfumo usiwe na hewa iliyonaswa.

Mwinuko huohuo huipa turbo kazi ya ziada. Hewa ni nyepesi, hivyo turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikie mgandamizo uleule, na hewa inayotoka humo huwa ya moto zaidi. Joto hilo, likikutana na petroli isiyotosheleza, huleta kugonga kwa injini, yaani mafuta kulipuka kabla ya wakati wake na kuzipiga pistoni. Magari ya aina hii yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani yaliandaliwa kwa petroli ya daraja la juu la huko, ambayo oktani yake haipungui 96. Soma kibandiko kilicho ndani ya kifuniko cha tangi au kitabu cha gari, ujaze petroli ya oktani ya juu kabisa unayoweza kuipata, na umweleze fundi unayoitumia.

Hapa tunatoa onyo maalumu kuhusu kuongeza nguvu kwa kubadilisha programu ya injini. Kazi hiyo ikifanywa na mjuzi ina manufaa yake. Ila isifanywe katika wiki ya kuelekea uwanjani, wala isifanywe kwa kuuziwa programu iliyotengenezwa kwa gari jingine, petroli nyingine na mwinuko mwingine. Dai maandishi yanayoonyesha aina ya petroli iliyotumika, mgandamizo wa turbo uliowekwa, na vipimo vilivyochukuliwa baada ya kazi. Asiyekubali kuyaandika hayo usimwachie gari.

Fundi, vipuri na haki zako

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa zinazohitajika, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 imeziwekea haki hizo utaratibu. Hata hivyo, haki isiyo na ushahidi ni vigumu kuidai. Kwa sababu hiyo tunakusihi uyafanye yafuatayo.

Kwanza, mwambie fundi waziwazi na kwa maandishi kwamba gari linaandaliwa kwa uwanja wa mbio. Fundi aliyeambiwa "nikagulie breki" pekee ana haki ya kusema kwamba alizikagua kwa matumizi ya barabarani.

Pili, dai risiti inayotaja jina la kipuri, nambari yake na tarehe. Risiti iliyoandikwa "spea" na jumla ya fedha haitakusaidia.

Tatu, jihadhari na bidhaa bandia. Mafuta ya injini, mafuta ya breki, pedi na filta ni miongoni mwa vitu vinavyoigwa kwa urahisi. Tazama kama mhuri wa chupa haujaguswa, kama maandishi ya kibandiko hayana makosa, na kama bidhaa iliyotoka nje ina alama ya uthibitisho ya Shirika la Viwango. Bei ikiwa nusu ya ile ya maduka mengine yote, jiulize nusu nyingine imepunguzwa wapi.

Nne, chukua vipuri vya zamani vilivyotolewa. Ni mali yako, na ni ushahidi kwamba vipya viliwekwa kweli.

Bima na fomu utakayotia sahihi

Wapo wanaoamini kwamba bima kamili inalifunika gari popote lilipo. Sivyo. Mikataba ya kawaida ya bima ya magari binafsi huondoa mashindano ya mbio na majaribio ya kasi, na baadhi huondoa matumizi yoyote ndani ya uwanja wa mbio hata kama hakuna anayeshindana na mwenzake. Fungua mkataba wako usome sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Ukibaki na shaka, iandikie kampuni yako na usubiri jibu la maandishi; neno la wakala kwenye simu halitoshi. Uwajulishe pia kuhusu mabadiliko yoyote uliyoyafanya kwenye gari, maana ukiyaficha unaweza kukataliwa hata ajali itakayotokea barabarani.

Mwandalizi naye atakupa fomu ya kukubali hatari. Iombe siku kadhaa kabla, badala ya kuisoma langoni huku wenzako wakipiga honi nyuma yako. Tafuta majibu ya maswali haya: Nikigonga kizuizi cha uwanja, nani analipa? Nikigongana na gari jingine, kila mmoja anabeba hasara yake au yupo wa kumdai? Gari la wagonjwa na wazimamoto watakuwepo muda wote? Siku ikiahirishwa kwa mvua, ada inarudishwa? Mwandalizi makini hukasirishwi na maswali haya. Huwa amekwisha kuyajibu kwenye karatasi.

Kanuni tunayoipendekeza ni rahisi na ni chungu: kama bima haikufuniki, usiingize uwanjani gari ambalo huwezi kulipoteza. Mwenye gari linalolipiwa mkopo wa benki na alizingatie hili mara mbili, kwa sababu gari likiharibika deni hubaki palepale.

Siku yenyewe

Usiku wa kuamkia siku hiyo, toa kila kitu kilicholegea ndani ya gari: jeki, tairi la akiba kama halijafungwa imara, chupa za maji, viatu, mazulia ya sakafuni. Chupa inayobingirika na kuingia chini ya kanyagio la breki imetosha kuwa ajali. Hakikisha betri imefungwa, mikanda ya usalama inashika, na ndoano ya kuvutia gari ipo na inajulikana ilipo.

Helmeti iwe ya mbio za magari. Zile zenye alama ya Snell SA zimepimwa pia kwa moto, jambo ambalo zile za pikipiki zenye alama ya M hazikupimwa kwalo. Vaa nguo za pamba zenye mikono mirefu na viatu vyenye soli nyembamba.

Mizunguko ya kwanza iwe ya kupasha moto matairi na breki na kujifunza njia. Ukimpata mwalimu, fedha utakayomlipa itakupa mwendo zaidi kuliko kipuri chochote cha bei hiyo. Kila zamu iishe kwa mzunguko mmoja wa kupoza, bila kukanyaga breki kwa nguvu. Ukishaegesha, usivute breki ya mkono. Weka gia na kabari chini ya gurudumu, ili pedi zilizo moto zisibane na kuharibu diski. Iache injini ya turbo ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima.

Kisha fungua boneti, tazama chini ya gari kama kuna mvujo, pima upepo, pima mafuta, hakikisha nati. Ukisikia harufu ngeni, sauti ngeni au mtetemo usiokuwepo asubuhi, siku yako imekwisha. Ada uliyolipa isikushawishi kurudi uwanjani. Hasara ya ada ni ndogo kuliko hasara inayoweza kufuata.

Iwapo fedha hazitoshi

Tunafahamu kwamba si kila mtu anaweza kuyafanya yote kwa pamoja. Utaratibu wetu wa kipaumbele ni huu:

1. Mafuta mapya ya breki, kutoka chupa iliyofunguliwa mbele yako.
2. Pedi na diski zenye unene wa kutosha.
3. Matairi mazima, yenye umri unaojulikana na kiwango sahihi cha mwendo.
4. Mafuta ya injini na filta, kifuniko cha rejeta na mipira ya maji.
5. Bushi, shokamzoba na viungo vya usukani visivyo na mchezo, pamoja na upangaji wa magurudumu.
6. Helmeti na ada ya mwalimu.

Kuongeza nguvu za injini hakumo katika orodha, na hatukukusahau. Namba 1 hadi 5 zisipokamilika, ushauri wetu ni kuahirisha. Uwanja hautahama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari la kasi, ufa ni chupa ndogo ya mafuta ya breki na kifuniko cha rejeta.

Tunamwomba msomaji akumbuke jambo moja zaidi. Uwanjani uko peke yako, umevaa helmeti, na wazimamoto wako karibu. Jumatatu asubuhi gari hilohilo litakuwa barabarani likiwa na watoto kiti cha nyuma, na hakuna hata mmoja wao aliyetia sahihi fomu ya kukubali hatari. Kwa hiyo ukaguzi unaofuata siku ya uwanjani una uzito uleule wa ukaguzi uliotangulia: pedi zitazamwe, mafuta ya breki yatolewe hewa au yabadilishwe, matairi yakaguliwe ndani na nje. Gari likishapita hapo, ndipo siku ya uwanjani imekwisha.